Vipimo vya Bwana Ruhusa

Namba themanini na saba ilikuwa mkononi mwake, na kioo cha ukutani kilikuwa ndiyo kwanza kinaita sitini na mbili. Ukumbi wa huduma kwa wateja wa kampuni ya simu ulikuwa umefurika. Viti vilijaa, kuta zilijaa migongo ya watu, watoto walilia, na mlinzi wa mlangoni alikuwa amechoka kusema "sogeeni ndani" kwa sababu hakukuwa na ndani ya kusogea.

Yeye alisimama katikati, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, gauni la bluu iliyokolea aliloshona mwenyewe, mabega yake yamekaa sawasawa, kiuno kimebanwa pale pale kinapotakiwa kubanwa. Shingoni alikuwa na futi ya kupimia nguo, ya manjano, ncha zake mbili zikining'inia kifuani. Alikuwa fundi cherehani, na kwa sababu futi ile haikumtoka shingoni hata akienda sokoni, mtaa mzima ulimwita Futi. Laini yake ya simu ilikuwa imejifunga tangu asubuhi, wateja hawampati, na kila dakika aliyosimama pale alihisi kuna gauni linamponyoka.

"Dada, samahani," sauti ilisema nyuma yake. "Naomba ruhusa ya kukuambia jambo."

Futi aligeuka. Kijana mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, macho ya mtu anayetazama kompyuta kutwa nzima. "Ruhusa? Sema tu, kaka. Hapa si mahakamani."

"Una futi shingoni."

"Najua."

"Nilidhani umejisahau."

"Hii nikiivua ndiyo najisahau. Aliyejisahau ni wewe. Umeruka kifungo cha tatu, shati limekwenda upande. Tena shati lenyewe si lako."

"Langu! Nimelinunua kwa jasho langu."

"Umelinunua, sikatai. Lakini aliyelishona hakukujua. Shingo yako ni kumi na tano na nusu, umevaa kumi na saba. Bega la kulia limeshuka kidogo, nadhani ndilo unalobebea mkoba. Mkono inchi ishirini na tano, na hilo linakuishia hapa." Alimgusa kidogo juu ya kifundo cha mkono, kisha akashtuka kwamba amemgusa.

Kijana alijitazama, akamtazama. "Umenipima saa ngapi?"

"Tangu walipoita sitini na nne."

"Bila ruhusa yangu?"

Futi alicheka hadi mama aliyeketi mbele yao akageuka kuona kuna nini. Kicheko kile kilimtoka bila kutarajia, na moyo wake ukaanza kwenda mbio bila sababu ya maana, maana alikuwa amesimama tu.

"Wewe na ruhusa mna nini?" aliuliza.

"Ndiyo kazi yangu. Natengeneza tovuti. Ukifungua ukurasa, unajua kile kisanduku kinachochomoza na kusema 'Tunatumia vidakuzi, unakubali?'"

"Kumbe ni ninyi mnaotusumbua!"

"Ndio sisi. Basi ukiambiwa habari za vidakuzi unabonyeza nini?"

"Nabonyeza chochote kitakachokiondoa mbele yangu. Hivi hivyo vidakuzi ni nini hasa?"

Kijana alijiweka sawa, na Futi akaona amemgusa panapomfurahisha. "Ni kumbukumbu ndogo ambayo tovuti inaiacha kwenye simu yako ili ikutambue ukirudi. Nyingine hazina neno, zinakumbuka ulichoagiza. Nyingine zinakufuata kila uendako, zinaandika unachotazama na kupeleka habari kwa wauza matangazo. Ndiyo maana sheria inataka uulizwe kwanza, na ukikataa, kukataa kwako kuheshimiwe."

"Basi na mimi ni kidakuzi," Futi alisema. "Nimeshakupima, na nitakukumbuka."

Kioo kiliita sabini. Wote wawili, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, hawakuona kwamba foleni inakwenda polepole.

Duka la Futi lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya wachapishaji wa kadi. Cherehani mbili, meza ya pasi, kioo kirefu, pazia la kijani la kujaribia nguo, na droo moja yenye kufuli. Ndani ya droo lilikaa daftari jeusi la vipimo. Shangazi yake, aliyemfundisha kushona, alimwachia sharti moja: namba haitamkwi. Ukimpima mtu kiuno, nyamaza, andika, funga daftari. Kiuno cha mtu ni siri ya mtu. Fundi ndiye anayejua nani amenenepa, nani amekonda kwa mawazo, nani anashona gauni ambalo mumewe hatakiwi kuliona. Wanawake walipanda ngazi zile kwa sababu walijua yanayojulikana pale hayateremki ngazi.

Kijana alikuja siku ya tatu kuomba ashonewe shati. Akaona daftari limechakaa, oda zimetapakaa kwenye simu, nyingine Futi amezisahau kabisa, akasema, "Naomba ruhusa nikutengenezee tovuti. Wateja waagize humo, na vipimo vikae humo. Malipo yangu ni shati."

"Shati moja?"

"Shati moja linalojua bega langu."

Ikawa hivyo. Kwa wiki tatu alikuja kila jioni na kompyuta yake, akakaa kwenye kigoda kando ya meza ya pasi. Aliomba ruhusa kuketi, aliomba ruhusa kuchomeka waya, na siku moja mvua ilipowafungia ndani aliomba ruhusa kumshika mkono. Futi alimpa mkono, kisha akamwambia, "Bwana Ruhusa, kuna mambo mengine mtu haulizi, anaona tu." Jina likamkaa. Hata wachapishaji wa chini walianza kumwita hivyo.

Simu nazo zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Wewe je?"

"Nakula sauti yako."

"Hiyo haishibishi. Na shati langu?"

"Shati lako litakuja. Kwanza nina wasimamizi sita wa harusi, halafu kwaya nzima."

"Sawa. Mimi nimeahidiwa tu na mrembo mmoja, basi nivumilie."

"Vumilia, laazizi wangu. Mvumilivu hula mbivu."

Siku tovuti ilipokamilika alimletea tableti ya kutumia dukani, akamwekea mezani, akaanza kumweleza. Kuna ukurasa wa oda, kuna fomu ya vipimo, kuna kisanduku cha ruhusa kitakachotokea kila mteja mpya anapoandikwa, chenye vitufe viwili vilivyolingana, Kubali na Kataa. Alieleza vizuri, pole pole, na Futi alikuwa akiangalia vidole vyake virefu vikitembea juu ya kioo na kuwaza vidole vile vinahitaji mkono wa shati usiobana.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema kuna mawili."

"Mawili yapi?"

"Kula na kunywa. Funga hiyo, twende zetu."

Bwana Ruhusa alicheka, akafunga. Hapo mapenzi yalikuwa yamepamba moto, na mtu aliye katika hali hiyo hafai kufundishwa wala kufundisha.

Miongoni mwa wateja wa kwanza wa tovuti alikuwa Mama Mkunga. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mgongo umenyooka, mwenye miaka sitini na mmoja, na nusu ya vijana wa mtaa walipita mikononi mwake. Alikuwa mjane wa miaka minane. Siku aliyopanda zile ngazi alifunga mlango mwenyewe nyuma yake kabla ya kusema neno.

"Mwanangu, nataka gauni la harusi."

"La nani, mama?"

"Unaona mwingine humu ndani?"

Futi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mama Mkunga naye, kwa umri wake, aliona haya kama msichana. Mchumba alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Wanawe watatu wa kiume walikuwa hawajui. "Nitawaambia mwenyewe, nikiwa tayari, kwa maneno yangu. Mpaka hapo tunajua watu wawili na wewe wa tatu."

"Mama, mimi ni kaburi."

Alimpima kimya kimya, akaandika kwenye tableti, na gauni la rangi ya maziwa likaanza kukatwa siku ile ile.

Siku kumi na mbili baadaye mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mama Mkunga aliingia na simu mkononi, akaiweka juu ya meza ya pasi.

"Tazama."

Futi alitazama. Tangazo la kumbi za harusi. Akasogeza. Keki za ghorofa tatu. Pete. Hoteli za maharusi, "punguzo kwa wanaoanza maisha mapya." Kila ukurasa aliofungua, harusi ilikuwa imetangulia.

"Mwanangu mkubwa aliazima simu yangu asome habari," Mama Mkunga alisema. "Akaona hayo. Akamwita mdogo wake. Jana wamenikalisha kitako, wote watatu, wananihoji mama yao. Nilikuwa nimepanga niwaambie Jumapili, nimevaa vizuri, nimepika. Sikuona aibu kuolewa, lakini habari ilikuwa yangu, niitoe mimi." Akaigonga simu kwa kidole. "Mwenzangu hakusema. Mimi sikusema. Amebaki nani?"

"Mama, naapa sijamwambia mtu."

"Basi pana ufa mahali. Uutafute." Akachukua simu yake, akaondoka. Kesho yake wateja wawili walituma ujumbe kuomba vipimo vyao vifutwe. Jina la Futi, alilolijenga kwa miaka tisa ya kukaa kimya, lilikuwa linatetereka.

Bwana Ruhusa alifika akihema. Alifungua kompyuta, akatazama kwa muda mrefu, na Futi akaona rangi inamtoka usoni.

"Ni kihesabio," alisema. "Kile cha kuhesabu wanaotembelea tovuti. Nilikichukua bure kwa kampuni moja ya matangazo. Kumbe hakihesabu tu. Kinasoma na kinachoandikwa kwenye fomu. Namba ya simu, 'gauni la bibi harusi', kila kitu. Kampuni imeilinganisha ile namba na simu ya mama."

"Nani alikiweka?"

Macho yake yalibaki kwenye kompyuta, kwenye orodha fulani ambayo Futi hakuiona. Kinywa kilifunguka, kikafungwa.

"Mimi," alisema.

"Wewe. Wewe wa naomba ruhusa niketi, naomba ruhusa nichomeke waya! Kumbe wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi fundi wa nguo nisione!"

"Mpenzi, nakiondoa sasa hivi. Na nitawaandikia wale wafute walichochukua. Naomba ruhusa nieleze..."

"Leo ruhusa sikupi. Nenda. Na usinipigie simu."

Alifunga kompyuta yake, akainuka kwenye kigoda. Mlangoni alisimama kidogo, kisha akashuka ngazi. Futi aliwasha cherehani ili asisikie hatua zake zikiisha.

Siku tatu zikapita. Nne. Saba.

"Dada," alimlilia dada yake kwenye simu, "mtu gani huyu? Siku saba hajapiga hata mara moja!"

"Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asipige."

"Na hajapiga."

"Ndiyo!"

"Sasa kosa lake nini?"

"Kosa lake ni kwamba hajapiga!"

Dada yake alivuta pumzi. "Mdogo wangu, umempata mwanamume anayesikia akiambiwa neno, unamlilia. Wenzako wanawatafuta hao kwa tochi."

Futi alikata simu kwa hasira, kisha akapiga tena kuomba radhi. Ukweli ni kwamba alimkosa. Kigoda kilikuwa pale pale kando ya meza ya pasi, na mara mbili alijikuta akikizunguka kana kwamba kuna mtu amekikalia.

Siku ya tisa Mama Mkunga alirudi. Safari hii alibisha hodi.

"Nimekuja kujaribu gauni langu," alisema.

"Mama... nilidhani hutarudi kwangu."

"Harusi iko pale pale. Wanangu wawili wamekubali, mmoja bado amenuna, itamwisha." Aliingia nyuma ya pazia, akaendelea kusema akiwa huko huko. "Yule kijana wako alikuja nyumbani."

Mkono wa Futi wenye pini ulisimama hewani. "Nani?"

"Yule mrefu, shati limempwaya. Alisimama mlangoni akaniomba ruhusa ya kuingia, ruhusa ya kuketi, ruhusa ya kuomba msamaha. Nusura nicheke. Akasema kosa ni lake peke yake, fundi hana hatia hata chembe. Ameniletea barua ya ile kampuni kwamba wamefuta habari zangu. Na wanangu aliwaeleza yeye mwenyewe, uso kwa uso." Pazia lilifunguka. Gauni lilimkaa hata machozi yakamlenga Futi. "Nikamsikiliza. Alipoondoka nikakaa nikakumbuka kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Siku ile unaniandika. Kulichomoza kitu kwenye kioo cha hiyo tableti yako. Nikakuuliza, nini hicho? Ukasema, 'Aa, mambo ya mtandao hayo.' Ukakibonyeza kwa dole gumba, futi ikiwa mkono wa pili."

Futi alikaa. Alikikalia kigoda chenyewe.

"Kiliuliza nini?" Mama Mkunga aliuliza taratibu.

"Sijui."

"Kilimwuliza nani?"

Futi alivuta tableti, akafungua sehemu ya mwenye duka ambayo hakuwahi kuifungua. Palikuwa na ukurasa ulioandikwa "Ruhusa zilizotolewa." Orodha ndefu: tarehe, saa, jina la mteja, jibu, kifaa kilichotumika. Kubali. Kubali. Kubali. Mara arobaini na moja, na kila moja, kifaa ni kile kile: tableti ya dukani. Chini kabisa, Bwana Ruhusa alikuwa amehifadhi maneno ya kile kisanduku, na Futi akayasoma kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Ukikubali, kihesabio cha kampuni nyingine kitawekwa, na unaweza kuonyeshwa matangazo. Ukikataa, oda yako itashughulikiwa vile vile bila tofauti. Tafadhali mpe kifaa mwenye taarifa, achague mwenyewe."

Mpe kifaa mwenye taarifa. Wala hakumpa mtu. Kisanduku kilikuwa kinaziba fomu, mikono yake ilikuwa imejaa, naye akakubali kwa niaba ya wanawake arobaini na mmoja waliomwamini kwa siri za viuno vyao. Kihesabio kisingewaka hata siku moja kama asingekiwasha yeye. Na yule mtu aliiona orodha hii. Aliiona siku ile ile, akafungua kinywa, akakifunga, akasema "mimi."

"Nyani haoni kundule," alisema kwa sauti ndogo.

"Usijitukane," Mama Mkunga alimwambia, akijigeuza mbele ya kioo. "Jirekebishe. Huku mgongoni panabana kidogo."

Siku mbili zilizofuata Futi hakugusa nguo za kwaya. Aliwapigia simu wateja wote arobaini na mmoja, mmoja mmoja, akawaambia alichofanya bila kujificha nyuma ya mtu. Baadhi walikuwa hawajui chochote na walishangaa kusikia. Wawili walimfokea. Mmoja alitaka habari zake zifutwe, zikafutwa akiwa bado kwenye simu. Wengine walisema, "Fundi, na mimi hubonyeza hivyo hivyo," na wakaanza kumsimulia ya kwao.

Siku ya tatu alitoa jora la pamba nyeupe lenye mistari myembamba ya bluu. Hakufungua daftari wala tableti. Shingo kumi na tano na nusu. Mkono ishirini na tano. Bega la kulia limeshuka. Alikata kwa kumbukumbu, akashona bila kula, na cherehani iliimba hadi saa saba mchana. Kisha akavaa gauni la njano iliyoiva, akapaka wanja, akaweka sindano na uzi mkobani, akasahau chakula, akasahau mwavuli. Futi haikusahaulika, ilikuwa shingoni.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne. Meza ndefu, kompyuta kumi, waya kila mahali, vijana wenye vipokea sauti masikioni. Alipoingia, mmoja baada ya mwingine walivivua.

Bwana Ruhusa aliinuka. Alikuwa amekonda. Futi aliona kwa jicho tu: inchi moja kamili kiunoni.

"Ulisema nisipige," alisema yeye, kama mtu anayejitetea.

"Nilisema. Nyamaza kidogo, nikinyamaza mimi sitaweza tena." Alivuta pumzi. "Nimeiona orodha. Arobaini na moja."

Uso wa kijana ulibadilika. "Nilitaka nikuambie siku nyingine. Siku ile mzigo ulikuwa umekutosha."

"Ungesema, ungejiokoa."

"Ningejiokoa na nini? Kihesabio nilikiweka mimi. Unajua nilikipataje? Kampuni ilinipa masharti ya kurasa thelathini, mwisho pana kitufe cha 'Nimesoma na nimekubali.'" Alijikuna kichwa. "Sikusoma hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nawahi kwako."

Mtu mmoja mwisho wa meza alikohoa. Futi alianza kucheka, na machozi yakashuka humo humo ndani ya kicheko. "Bwana Ruhusa mzima!"

"Usiwaambie hawa."

"Wanasikia."

"Tunasikia," mtu alisema.

Futi alitoa shati, akalikunjua. "Vipimo vyako nilivichukua bila kukuuliza, siku ya kwanza, kwenye foleni. Nimevihifadhi bila kukuuliza, nimevitumia bila kukuuliza. Leo nimekuja kuomba ruhusa. Ukikataa, nitaondoka nalo na sitakusumbua."

Bwana Ruhusa alilivaa juu ya fulana yake pale pale. Mabega yalitulia. Mikono iliishia mahali mikono inapoishia. Mwenzake mmoja alipiga mluzi. Lakini kifungo cha tatu hakikuwepo.

"Umekisahau?" aliuliza Bwana Ruhusa.

"Nimekibakisha. Kama usingelikubali shati, kingebaki kwangu cha ukumbusho. Naomba ruhusa nikishone."

"Imetolewa."

Alisogea karibu, akatunga uzi, akaanza kushona kifungo kifuani pake. Alisikia moyo wa kijana unavyogonga chini ya kitambaa, au labda ulikuwa wake yeye mwenyewe.

"Nina swali," Bwana Ruhusa alisema juu ya kichwa chake. "Lina majibu mawili, na yote mawili yana ukubwa sawa. Ukikataa, tovuti yako itaendelea kufanya kazi vile vile, bila tofauti."

Sindano ilisimama.

"Utakubali nikuoe?"

Neno lilimfika Futi kwenye ncha ya ulimi, lile lile ambalo dole gumba lake lilizoea. Alilimeza. Aliinua uso. "Subiri. Leo nasoma kwanza. Siri zangu zitakaa wapi?"

"Kwangu."

"Utampa nani?"

"Sitampa mtu. Hata dada yako akibembeleza."

"Akibembeleza na chakula?"

Alifikiri. "Hata na chakula."

"Kwa muda gani?"

"Hadi siku utakayoiondoa ruhusa."

"Na nikiiondoa?"

"Nitaondoka kama ulivyosema, sitapiga simu, nitakonda." Sauti yake ilishuka. "Lakini nakuomba siku hiyo usiseme 'nenda' kabla sijaeleza."

Futi alimtazama sana. Hilo lilikuwa sharti la haki, na lilimchoma panapostahili. "Nitakusikiliza kwanza," alisema. "Hilo nalo liandike."

Alizungusha uzi mara tatu chini ya kifungo, akakaza, akainama kuukata kwa meno, mdomo wake karibu kabisa na shati jipya. Alipoinuka, macho yake yalikuwa yanang'aa na wanja umeshaharibika.

"Nimekubali," alisema. "Hii ni ya arobaini na mbili, na ndiyo ya kwanza ninayojibu mwenyewe, kwa niaba yangu mwenyewe."

Makelele yaliyolipuka pale yaliwatoa watu wa ghorofa ya tatu wakaja kwenye ngazi. Bwana Ruhusa alinyoosha mikono, akasita katikati, akafungua kinywa kuuliza.

"Hiyo," Futi alimwambia, "usiulize." Naye, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuuliza.